Jina Kubwa Sio Leseni: Mwandishi, Binti wa Riflekta na Bajaji ya Likombe

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Mtwara, haifiki hata dakika mbili. Wengi wameicheka, wameituma mbele, wamelala. Wachache wameiangalia mara ya pili, na hao ndio wamegundua kwamba anayechekwa sio mwenye makosa.

Majina hayatajwi hapa. Wenyewe wanajijua, na mji ni mdogo. Mwandishi ni mtu mzima, ana vitabu vyake, na kuna watu wazima leo waliovisoma wakiwa na sare za shule. Afisa ni binti wa miaka ishirini na kitu, hajamaliza hata mwaka kazini, anasimamia usafiri wa mjini akiwa na kizibao cha riflekta, daftari na simu yenye kioo kilichopasuka.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, msimu wa korosho, pale Likombe. Mwandishi alikuwa amekuja Mtwara kuzungumza na wanafunzi. Kanywa chai kwa mwenyeji wake, wakatoka, wakapanda bajaji kwenda sokoni. Nyuma walikaa wanne: mwandishi, mwenyeji wake na akina mama wawili na vikapu vyao. Mbele, ubavuni mwa dereva, kijana mmoja kakaa na nusu ya makalio, nusu nyingine iko barabarani. Abiria watano, ukiacha dereva. Bajaji inaruhusiwa kubeba watatu.

Binti akainua mkono. Bajaji ikasimama.

"Shikamoo baba. Shikamooni mama zangu."

"Marahaba binti."

"Samahani baba, hapa mmezidi. Naomba wawili washuke wapande nyingine, halafu mimi nitaongea na dereva."

Mpaka hapo hakuna tatizo. Kamwamkia kila mtu, kaomba samahani, hajapandisha sauti. Akina mama walishaanza kukusanya vikapu vyao. Mwandishi akawazuia kwa mkono.

"Binti, unajua unaongea na nani?"

"Hapana baba. Lakini hata ningejua, bajaji ingekuwa ni hii hii na watu ni hawa hawa."

Watu wa kijiweni wakaguna. Mwandishi akatoa simu. Hakupiga kelele, hakutukana, alitafuta tu namba akaongea maneno machache huku kamkazia macho binti. Baada ya muda mfupi simu ya binti ikaita. Kwenye klipu anasikika vizuri kabisa: "Ndiyo mkuu. Sawa mkuu. Nimeelewa mkuu." Akasogea pembeni. Bajaji ikaondoka na watu wake watano, na yule kijana wa mbele akapunga mkono kama mbunge aliyepita bila kupingwa.

Jioni mwandishi akaweka posti ndefu. Kwamba nchi imekabidhiwa watoto wenye vizibao. Kwamba kizazi hiki hakisomi, ndiyo maana hakiwajui wazee wake. Kwamba zamani afisa alikuwa mtu wa busara. Posti ikapata laiki kibao. Halafu likaja lile jeshi la komenti ambalo kila mtu mjini analifahamu. "Kapewa kazi na nani huyo?" "Anatafuta kiki." "Huyo akiolewa atatulia." Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali jepesi kuliko yote: walikuwa abiria wangapi?

Hapo ndipo ugomvi huu unapaswa kuanzia, kwa sababu jibu linamaliza nusu ya kesi. Walikuwa watano kwenye chombo cha watatu. Mengine yote ni mapambo.

Wanaomtetea mwandishi wanaanza na adabu. Eti binti kakosa adabu kwa mzee. Kakosa wapi? Shikamoo alitoa. "Baba" aliita. "Samahani" alisema kabla ya kuambiwa neno lolote. Kama kuna mtu aliyevunja adabu pale Likombe, ni yule aliyepokea shikamoo kwa mkono mmoja na kutoa simu kwa mkono mwingine. Shikamoo ya Pwani ni mkataba wa pande mbili. Mdogo anatoa heshima, mkubwa anatoa mfano. Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Maana yake ni kwamba mkubwa anameza, anavumilia, anaonyesha njia hata pale anapoona kaguswa kidogo. Mzee aliyeshindwa kushuka bajaji ili akina mama wawili na kijana mmoja wasafiri salama hajaonewa. Kashindwa mtihani wa ukubwa, tena mbele ya watu.

Adabu ni kumwamkia mzee. Kumwachia mzee ajazwe kwenye bajaji kama gunia la korosho sio adabu, ni kumtakia mabaya kwa upole.

Na hili la kujaza bajaji lisichukuliwe kama kosa la kwenye makaratasi tu. Bajaji ina tairi moja mbele. Usukani wake ni mkono, kama wa pikipiki, na unahitaji viwiko vya dereva viwe na nafasi ya kuzunguka. Mpandishe mtu ubavuni mwake, kiwiko kinabanwa, mguu wa breki unakosa raha, na kona ya kawaida inageuka kuwa bahati nasibu. Nyuma ukijaza wanne, chombo kinalemaa, kinayumba kikikwepa shimo. Sasa weka hilo kwenye msimu wa korosho, malori yenye shehena yanashuka kuelekea bandarini, kila mtu ana haraka kwa sababu hela imeingia mjini. Binti hakusimamisha bajaji ili aonekane. Kasimamisha kwa sababu yeye ndiye anayeitwa likitokea la kutokea. Mwandishi wakati huo atakuwa ameshapanda basi la Dar.

Kundi la pili la watetezi lina hoja nzito zaidi, na haifai kupuuzwa. Wanasema hivi: sheria hizi zinawabana wanyonge. Dereva wa bajaji hajazi watu kwa kupenda. Bajaji nyingi sio za wanaoziendesha. Jioni kuna hesabu ya tajiri, au kuna mkataba ambao ukiuvunja mwezi mmoja chombo kinarudi kwa mwenyewe na jasho lako lote limekwenda. Mafuta ni juu ya dereva. Pancha ni juu ya dereva. Ushuru, maegesho, vibali, vyote juu ya dereva. Akibeba watatu tu siku nzima, kuna siku anarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo, wanasema, mwandishi alimkingia kifua mnyonge.

Ingekuwa kweli, watu wangempigia makofi. Lakini rudi kwenye klipu. Mwandishi hakusema neno hata moja kuhusu dereva. Hakumuuliza jina. Hakusema "mwacheni kijana atafute riziki". Alisema "unajua unaongea na nani?" Hiyo sentensi haimtetei mnyonge yeyote duniani. Ina mtu mmoja tu ndani yake, na mtu huyo ni msemaji.

Na matokeo yake yamemwangukia nani? Siku mbili baadaye bajaji ile ile ilikuwa kituoni pale pale, haina mwandishi ndani. Ikazidisha abiria, ikasimamishwa. Dereva akasema kile ambacho kila dereva angesema: "Mbona juzi yule mzee tulipita?" Binti hakuwa na jibu, na hakuna jibu. Dereva kaandikiwa faini, kapewa namba ya malipo ya serikali, kaondoka analalamika. Wenzake wanasema safari hii hakuna simu iliyopigwa. Mwandishi hakuwepo kumkingia kifua, kwa sababu kifua kile hakikuwa cha kwake tangu mwanzo. Alibebwa mtu mmoja siku moja, na bili imelipwa na mwingine.

Waswahili wanaita sheria msumeno, kwamba inakata mbele na nyuma. Pale Likombe msumeno ulikata upande mmoja, upande wa asiye na namba ya mkubwa kwenye simu.

Sasa tuje kwenye lile lililouma zaidi, lile la "kizazi hiki hakisomi". Mwandishi kasema angekuwa amesoma vitabu, yule binti angemheshimu. Basi na vitabu vifunguliwe.

Shaaban Robert, mtu ambaye kila mwandishi wa Kiswahili anamwita babu, alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Mwaka 1926, akiwa kijana wa miaka 17 tu, aliingia kazini kama karani wa forodha, na alikaa kwenye forodha mpaka mwaka 1944. Baada ya hapo akaendelea kwenye ofisi nyingine za serikali. Yaani baba wa fasihi ya Kiswahili alikuwa afisa mdogo, kijana, anayekagua mizigo ya watu wazima kuliko yeye, wengi wao wakiwa na majina makubwa kuliko lake wakati huo. Vuka maji, nenda Unguja. Muhammed Said Abdulla, aliyewapa watu Bwana Msa, alikuwa mkaguzi katika idara ya afya kabla ya kuwa mhariri wa gazeti mwaka 1948. Mkaguzi! Mtu wa kuingia kwenye ua wa watu, kutazama mifereji na mapipa, na kumwambia mwenye nyumba jambo asilopenda kulisikia. Haishangazi kwamba mpelelezi wake anaona vitu vidogo ambavyo wengine wanavipita.

Kwa hiyo mwandishi anapomcheka binti mwenye kizibao, anacheka ukoo wake mwenyewe. Kalamu ya Kiswahili imepitia mikononi mwa makarani na wakaguzi. Nani ajuaye, daftari la yule binti lina nini kwenye kurasa za nyuma?

Halafu kuna *Kusadikika*, kilichotoka mwaka 1951, kitabu ambacho mwandishi yeyote wa Kiswahili lazima kakishika. Karama anafikishwa mbele ya mfalme kwa kosa gani? Kwa kuanzisha elimu ya sheria. Na anayemshitaki, anayesimama kwa kiburi mbele ya baraza akitaka kijana aangamizwe, anaitwa nani? Majivuno. Shaaban Robert hakuficha kitu hapo, jina lenyewe linajitangaza. Aliyesoma kitabu kile akakielewa, akajikuta barabarani Likombe anambana kijana kwa kosa la kuitaja sheria, alitakiwa asikie baridi mgongoni. Kusoma sio kuwa na vitabu vingi kabatini. Kusoma ni kujitambua ukijiona kwenye ukurasa, hata kama uliyemwona ni yule mbaya.

Lakini mwandishi peke yake asibebeshwe mzigo wote. Kuna mtu wa tatu kwenye hadithi hii ambaye haonekani kwenye klipu, anasikika tu kwa majibu ya binti: mkuu. Huyo ndiye aliyeua sheria pale kituoni. Hakufika. Hakuuliza abiria walikuwa wangapi. Hakumwambia mwandishi, "Mzee, nisamehe, naomba ushuke, nitakutumia usafiri mwingine." Sentensi moja tu kama hiyo ingewaokoa wote watatu. Alichagua kumvunja mfanyakazi wake hadharani ili mgeni afurahi. Kama amri ile ilikuwa halali, aiandike kwenye karatasi na kuisaini: kwamba waandishi mashuhuri wanaruhusiwa kupanda watano. Haiwezi kuandikwa, kila mtu anajua. Amri isiyoweza kuandikwa ndiyo inapitia kwenye simu.

Na Mtwara ingekuwa mji wa mwisho kushangilia amri ya simu. Mji huu unajua vizuri ladha ya jambo lililoamuliwa mbali. Kuna kata inaitwa Reli, na reli yenyewe haipo. Ilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, mradi wa Waingereza ulioanguka vibaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa, jina likabaki kwenye mdomo wa wenyeji. Mwaka 2013 mji uliwaka kwa sababu ya bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, na kilio kilichosikika kila kona kilikuwa hicho hicho: mambo ya hapa yanaamuliwa na watu wasio hapa, na wenye mji wanabaki kuangalia. Sasa kijana wa hapo hapo, anayekula vumbi la hapo hapo, kasimama barabarani kufanya uamuzi mdogo, wa haki, wa hapo hapo. Simu imepigwa, uamuzi umeng'olewa. Na watu wa Mtwara hao hao wanacheka! Mtwara kuchele, wanasema. Kama kweli kumekucha, basi waamke.

Kuhusu zile komenti za "kapewa kazi na nani" na "akiolewa atatulia", hazihitaji maneno mengi. Angekuwa kijana wa kiume mwenye ndevu na kitambi kidogo, wangesema "jamaa mkali, hataki utani". Mwanamke akisimamia jambo lile lile kwa sauti ya chini zaidi, inatafutwa sababu chumbani kwake. Wanaoandika hivyo wengi wana dada aliyemaliza chuo juzi, anatembeza bahasha ya kaki kutoka ofisi hadi ofisi. Siku dada huyo akipata kizibao chake na akasimama barabarani, atakutana na komenti hizi hizi walizozipanda kaka zake.

Haki itendeke pande zote, mwandishi ana jambo moja la kweli kwenye posti yake. Kasema usimamizi wa usafiri mjini umekuwa wa kukamata tu, hausaidii. Hapo wengi watamuunga mkono. Dereva anaonekana kwenye daftari la faini, haonekani kwenye mipango. Kituo cha Likombe kingekuwa na kivuli, mstari wa kupanga bajaji na ubao wa nauli unaosomeka, nusu ya ugomvi wa kila asubuhi ungekwisha. Mwanafunzi asingeachwa kituoni eti nauli yake ndogo. Akina mama wenye vikapu wasingelazimika kujibanza wanne wanne kwa kuogopa kwamba bajaji inayofuata itawatoza zaidi kwa sababu ya mzigo. Hayo ni mambo ya kudai, na yadaiwe kwa nguvu.

Ila yanadaiwa wapi? Kwa wanaopanga bajeti, sio kwa binti anayesimama juani. Na nani ana silaha nzuri ya kuyadai kuliko mtu ambaye maneno yake yanasomwa nchi nzima? Mwandishi alikuwa Likombe, kwenye bajaji iliyojaa, kabanwa kati ya vikapu viwili, mbele yake dereva anayewaza hesabu ya jioni, barabarani afisa kijana anayewaza kazi yake. Kitabu kizima kilikuwa kimekaa mapajani mwake. Yeye akakiona kizibao tu.

Kinachotakiwa sasa sio kumzomea mzee. Kumzomea ni rahisi na hakujengi kitu. Arudi Likombe, asubuhi, bila kamera. Akipokea shikamoo ya yule binti, ajibu marahaba ya kweli safari hii. Amtafute dereva, amlipie ile faini, maana deni lile ni lake. Kisha aifute posti, au aiache na kuandika nyingine chini yake yenye neno moja ambalo wasanii wakubwa wa nchi hii wanaliogopa kuliko njaa: nimekosea. Atapoteza laiki chache. Vitabu vyake vitapona.

Na mkuu wa simu, siku nyingine mgeni akimpigia akiwa barabarani, aulize kwanza: mko wangapi?

Binti bado yuko pale. Wanaopita wanasema siku hizi anasimamisha bajaji kwa mkono wa juu kidogo kuliko zamani, kisha anatazama nyuma kabla hajasema chochote, kuona kama kuna mtu ameshika simu. Hilo ndilo lililobaki baada ya vicheko vyote. Afisa kijana kafundishwa kuogopa kufanya sawa.

Sasa wewe uliyeituma ile klipu mbele ukacheka: siku mama yako amepanda bajaji Likombe, yuko wa tano, malori ya korosho yanashuka, ungependa binti ainue mkono au ausubirie kwanza mlio wa simu?